Meridianiiti: Haluli Iliyoshiba Maji

Koroga vijiko viwili vya chumvi ya haluli katika glasi ya maji, kisha uishike: glasi inapoa kiganjani. Mimina maji hayo kwenye sahani, uyaache dirishani yakauke, na utakuta fuwele nyembamba kama sindano zimelala, zinameta. Ziache zaidi katika hewa kavu, zitapauka na kuwa unga. Kilichozitoka ni maji. Ulipozigusa zilikuwa kavu, kumbe nusu ya uzito wake ilikuwa maji: molekuli 7 kwa kila moja ya salfeti ya magnesiamu. Maji hayo huitwa maji ya fuwele, na ndivyo yalivyo hasa. Hayakuilowesha fuwele, ni sehemu ya ujenzi wake.

Haluli hiyo ya maji 7 ndiyo epsomiti. Inaye ndugu adimu mwenye maji 11, na huyo ndiye meridianiiti. Katika kila gramu 100 zake, gramu 62 ni maji. Mkemia Fritzsche aliipata maabarani mwaka 1837, akidhani ina maji 12. Ilitambuliwa kuwa madini ya asili mwaka 2007 tu, kutoka ziwa dogo la chumvi liitwalo Basque, jimbo la British Columbia, Kanada, ambako hujitengeneza majira ya baridi. Baadaye ilionekana ndani ya barafu ya ziwa Saroma, Japani, na katika barafu iliyochimbwa Antaktiki.

Jina limetokana na Meridiani, uwanda wa sayari ya Mirihi, ambako madini yenyewe hayakuwa yameshikwa na yeyote. Nitarudi huko. Kuhusu tahajia, wapo watakaotaka kuandika “meridianiti” ili ulimi upite upesi. Mimi nazitetea irabu zote mbili: ya kwanza ni ya Meridiani, ya pili ni ya kiambishi cha madini. Ukiifuta moja, umeufuta uwanda.

Kazi ngumu ya kuieleza iko kwenye tabia yake. Ikifika nyuzi 2 za Selsiasi, meridianiiti haigeuki kimiminika chote kama barafu. Inaachana: takriban asilimia 70 ya ujazo inabaki epsomiti, 30 inakuwa maji, na maji hayo papo hapo yanabeba chumvi ndani yake. Walimu wa sayansi hulalamika kwamba kitenzi “kuyeyuka” kinabeba mambo mawili, la barafu kuwa maji na la sukari kupotea katika chai. Hapa mambo hayo mawili yanatokea kwa pamoja, na kitenzi chetu kimeyakumbatia yote bila kunyooshwa. Napendekeza “kuyeyuka kwa kuachana”. Anayesikia ataelewa kwamba kitu kimoja kimetoka kikiwa viwili.

Sasa Mirihi. Mwaka 2004 chombo Opportunity kilitua Meridiani, kikapiga picha za miamba yenye salfeti iliyojaa vitundu vyembamba, kana kwamba fuwele zilikaa humo zikaondoka. Mwaka 2006 watafiti Peterson na Wang walitoa hoja kwamba huenda zilikuwa fuwele za salfeti hii yenye maji 11: joto lilipanda, zikaachana, maji yakaenda zake, na mwamba ukabaki na nafasi zao.