Mitambo inayojiongoza yaongeza uzalishaji wa gesi ya kimiminika

Mkazi wa Asumbi, kwenye barabara itokayo Rongo kuelekea mjini Homa Bay, anaponunua mtungi wa gesi ya kupikia, anabeba kimiminika ndani ya chuma.

Gesi hiyo ni mchanganyiko wa propani na butani. Hukubali kuwa maji kwa kubanwa tu, bila kupozwa sana, ndiyo maana husafirishwa kwa lori na kuuzwa dukani.

Gesi asilia, ambayo sehemu yake kubwa ni methani, haina utiifu huo. Ili iwe kimiminika na kukaa katika tangi la kawaida la shehena, ni lazima ipozwe hadi nyuzi 162 za selisiasi chini ya sifuri. Hapo ujazo wake hupungua takriban mara 600, na meli huweza kuipeleka ng'ambo ya bahari ambako bomba haliwezi kufika.

Kazi hiyo ya kupoza hufanywa katika viwanda vikubwa, na katika viwanda hivyo kompyuta zimepewa jukumu la kuongoza mitambo ili itoe gesi nyingi zaidi bila kuongezwa mashine mpya.

Safari ya gesi kiwandani

Gesi itokayo kisimani husafishwa kwanza. Hewa ya kaboni na maji huondolewa, kwani vingeganda na kuziba mabomba. Zebaki nayo huondolewa kwa sababu hula aluminiamu, madini yanayotumika kutengenezea vyombo vya kupozea.

Baada ya hapo gesi huingia katika hatua za upozaji. Katika mfumo unaotumiwa na viwanda vingi duniani, propani hupoza gesi kwanza, kisha mchanganyiko wa nitrojeni, methani, ethani na propani humalizia kazi ndani ya mnara mrefu wenye maelfu ya mabomba membamba.

Gesi hizo za kupozea huzungushwa na kompresa kubwa, ambazo katika viwanda vingi huendeshwa na injini zenye asili moja na zile za ndege. Nguvu za injini hizo ndizo huamua kiwanda kitatoa tani ngapi kwa siku.

Nguvu hizo hazikai mahali pamoja. Hewa ya mchana ikipata joto huwa nyepesi, na injini hupungukiwa. Usiku hewa ikipoa, nguvu hurudi. Aidha, mchanganyiko wa gesi itokayo visimani hubadilika, na mchanganyiko wa gesi za kupozea huhitaji kurekebishwa mara kwa mara.

Kutoka usukani wa meli hadi kompyuta

Wazo la mtambo kujirekebisha wenyewe si geni. Mwaka 1788 James Watt aliiwekea injini ya mvuke mipira miwili iliyozunguka na kupunguza mvuke kila mwendo ulipozidi.

Mwaka 1922 Nicolas Minorsky alieleza kwa hesabu jinsi usukani wa meli unavyoweza kujiongoza kwa kuangalia mambo matatu: meli imekosea njia kwa kiasi gani sasa, kosa limejilimbikiza kiasi gani, na linakua kwa kasi gani. Kanuni hiyo ndiyo hadi leo huongoza vali nyingi viwandani.

Hata hivyo, kanuni hiyo ina upungufu. Kila kidhibiti hutazama kitu kimoja tu. Kimoja kikifungua vali ili kupunguza joto, shinikizo hubadilika kwingine, na kidhibiti cha pili huanza kupambana na cha kwanza.

Wakazi wa Migori na Homa Bay waliokulia karibu na viwanda vya sukari wanaweza kuielewa hali hiyo. Anayechemsha maji ya miwa hadi yawe chembe za sukari hawezi kuangalia moto peke yake. Joto, shinikizo na uzito wa maji hayo huenda pamoja, na kugusa kimoja ni kugusa vyote.

Suluhisho lilipatikana katika miaka ya 1970. Mwaka 1979 Charles Cutler na Brian Ramaker wa kampuni ya Shell nchini Marekani waliwasilisha njia ya udhibiti unaotabiri. Nchini Ufaransa, Jacques Richalet na wenzake walikuwa wamechapisha njia inayofanana nayo mwaka mmoja kabla.

Katika njia hiyo, kompyuta hupewa kielelezo cha kihesabu cha kiwanda. Wahandisi hukipata kwa kusogeza vali moja moja kidogo na kupima jinsi sehemu nyingine zinavyoitikia. Kisha kompyuta hutabiri mwenendo wa mitambo kwa muda ujao, huchagua hatua inayofaa kwa vali zote kwa pamoja, na baada ya muda mfupi hurudia hesabu upya.

Faida hutoka wapi

Kompyuta haiongezi nguvu ya injini. Inachofanya ni kupunguza kuyumba.

Kila mtambo una mpaka usiopaswa kuvukwa, uwe wa joto, wa shinikizo au wa mwendo wa kompresa. Mwendeshaji anayejua kwamba vipimo hupanda na kushuka hukaa mbali na mpaka huo, mithili ya dereva anayekwepa ukingo wa barabara yenye utelezi. Vipimo vikitulia, anaweza kuusogelea bila hatari, na nafasi aliyokuwa akiiacha hugeuka kuwa tani za gesi.

Vilevile, kompyuta hainyemelewi na usingizi. Hewa inapopoa saa nane usiku, huongeza gesi papo hapo bila kungoja kuamriwa.

Kwa kiwanda cha tani milioni 10 kwa mwaka, nyongeza ya asilimia 1 ni tani 100,000. Meli yenye matangi ya mita za ujazo 170,000 hubeba takriban tani 75,000. Asilimia hiyo moja, basi, ni zaidi ya shehena nzima ya meli.

Kiasi hicho ni kikubwa kwa nchi kama Oman, ambayo kiwanda chake cha Qalhat, karibu na mji wa Sur uliokuwa ukituma majahazi Zanzibar na Lamu, kilianza kusafirisha gesi mwaka 2000. Huko joto la kiangazi hupita nyuzi 40.

Mpaka wa kompyuta

Udhibiti huu si kinga ya ajali. Januari 2004, gesi ya kupozea ilivuja katika kiwanda cha Skikda, Algeria, na mlipuko uliofuata uliua watu 27. Kwa sababu hiyo, mfumo wa kuzima mitambo wakati wa hatari hutenganishwa kabisa na kompyuta inayotafuta tani zaidi.

Pia, kielelezo huchakaa. Mitambo ikizeeka au gesi ikibadilika, utabiri huanza kukosea, na waendeshaji wasioelewa sababu huizima kompyuta na kurudi kwenye mazoea. Bila wahandisi wa kukihuisha kielelezo, faida hupotea kimyakimya.

Hilo lina uzito kwa Afrika Mashariki. Msumbiji ilisafirisha shehena yake ya kwanza Novemba 2022, kutoka kiwanda kinachoelea baharini mkoani Cabo Delgado. Tanzania, iliyogundua gesi katika kina kirefu cha bahari kuanzia mwaka 2010, imepanga kiwanda cha gesi ya kimiminika Likong'o, mkoani Lindi, na mwaka 2022 ilitia saini makubaliano ya awali na kampuni za kigeni.

Viwanda hivi huajiri watu wachache vikishaanza kazi, na wengi wao ni wenye ujuzi wa hesabu, kemia na vyombo vya kupimia. Waashi na wabeba mizigo huondoka ujenzi ukiisha, lakini wanaokaa mbele ya kompyuta hubaki kwa miaka mingi. Watakaoketi hapo Lindi itakapoanza ni vijana ambao leo wanasoma fizikia na hesabu katika shule za ukanda huu, zikiwemo za Asumbi, au ni wageni watakaoletwa kwa sababu wenyeji hawakuandaliwa.