Skani ya mapafu iliyotutia hofu bure

Khalati yangu ana maradhi ya figo. Siku chache baada ya kupasuliwa nyonga, ghafla akaanza kuhema, na kila akivuta pumzi kifua kinamchoma. Eksirei ikatoka safi, sisi tukashusha pumzi. Daktari hakutulia. Alishuku bonge la damu limeganda mguuni, likasafiri hadi mapafuni na kuziba mshipa. Hilo huua, na eksirei aghalabu hailionyeshi.

Kipimo kinachotumika zaidi ni skani ya CT, lakini hutaka mtu adungwe dawa yenye ayodini, na figo zilizochoka huenda zisiihimili. Akaandikiwa skani ya nyuklia, wenyewe huiita V/Q. Kusikia nyuklia tu, mmoja wetu akataja bomu.

Basi nikauliza. Mgonjwa huvuta hewa iliyotiwa chembechembe zenye miale, na kamera ya gama huchora mahali hewa ilipofika. Kisha hudungwa mkononi vijichembe vya protini vilivyobeba teknetiamu-99m. Hivi hunasa katika vishipa vyembamba vya mapafu, sehemu ndogo sana ya vishipa vyote, halafu huvunjika vyenyewe. Kamera yenyewe haitoi miale, inapokea tu itokayo mwilini, na nguvu ya teknetiamu hupungua nusu kila baada ya saa 6.

Picha mbili hulinganishwa. Mahali penye hewa lakini pasipofika damu, hapo ndipo pa kushuku bonge. Picha ya damu ikiwa kamili, shaka ya bonge karibu yote huondoka. Tabu ni majibu ya katikati: utafiti wa PIOPED, uliochapishwa Marekani mwaka 1990, uliwakuta wagonjwa wengi wa namna hiyo. Ndiyo maana eksirei hutangulia, kwani pafu lenye nimonia au pumu huvuruga picha zote mbili.

Waja wazito nao huandikiwa kipimo hiki, kwa kuwa matiti hupata miale kidogo kuliko kwenye CT. Anayenyonyesha aseme mapema, huenda akaambiwa akamue maziwa na kuyamwaga kwa saa kadhaa.

Kwa khalati uhakika ulikuwa na uzito wake. Dawa za kuzuia damu kuganda zingeweza kumtoa damu kwenye kidonda kibichi. Skani ikaonyesha mapengo mawili pafu la kulia. Sindano alizoanzishwa kwa tahadhari zikaendelea, akichungwa figo na kidonda.