Mahame ya Uluguru: Kwa Nini Utafiti Uitangulie Mashine

Ikisiri
Makala haya yanajadili namna ya kubaini mahali ilipokuwa miji na makazi yaliyohamwa Morogoro na kando ya milima ya Uluguru, wakati ambapo detekta za metali zinapatikana madukani. Hoja kuu ni kwamba thamani ya metali ya kale imo katika mahali ilipolala. Kwa hiyo detekta iitwe kujibu swali lililokwisha kuulizwa na nyaraka, wazee na uso wa ardhi. Isiwe ndiyo inayouliza.

Utangulizi
Simulizi za mali iliyofukiwa na Wajerumani zimeenea Morogoro kama zilivyoenea kwingine nchini, na zina chembe ya ukweli. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, jeshi la Wajerumani likiwa limekatiwa njia za bahari, karakana ya reli ya Tabora ilitengeneza zaidi ya sarafu 16,000 za dhahabu za rupia 15, zenye sura ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Kutokana na chembe hiyo imezuka imani kwamba kila boma bovu na kila kaburi la zamani lina sanduku chini yake. Matapeli wanaodai kuuza rupia na zebaki za kale hujitajirisha kwa imani hiyo, lakini hasara kubwa zaidi huipata ardhi yenyewe. Shimo likishachimbwa ovyo, tabaka za udongo huchanganyika, na hakuna mtaalamu awezaye kuzirudisha zilivyokuwa.

Hata hivyo, nyuma ya tamaa hiyo kuna swali halali: watu waliishi wapi, na kwa nini waliondoka? Swali hili linastahili njia bora kuliko jembe la usiku.

Mji wenye ukuta na mji usio na ukuta
Mifano miwili ya karne ya 19 inaonyesha ugumu wa kazi hii. Wa kwanza ni mji wa Kisabengo, Mzigua aliyejijengea ngome chini ya Uluguru. Baada yake alitawala binti yake, Simbamwene, na wasafiri wakauita mji kwa jina hilo. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1871 aliona, karibu na mto Ngerengere, ukuta wa mawe, mnara katika kila pembe, malango ya mbao yenye nakshi, na wakazi aliowakadiria kati ya 3,000 na 5,000. Aliporejea pwani mwaka 1872 alikuta mambo mengine. Ilikuwa ni baada ya dhoruba ya Aprili iliyoipiga Zanzibar na Bagamoyo, na mafuriko yalikuwa yamesomba ukuta wote wa mbele pamoja na nyumba zipatazo 50.

Maelezo hayo mawili yakisomwa pamoja yanampa mtafiti zaidi ya jina. Yanamwelekeza kwenye mawe ya msingi, na kwamba huenda yamefunikwa na mchanga na tope la mafuriko, chini kuliko sentimita 20 au 30 ambazo detekta ya kawaida huweza kuibaini sarafu. Yanamkumbusha pia kuchunguza kuta za majengo ya baadaye, maana mawe yaliyokwisha kukusanywa hayaachwi na wajenzi.

Mfano wa pili ni Zungomero, katika nchi ya Wakutu, kusini-mashariki mwa Uluguru. Richard Burton na John Speke walikaa huko mwaka 1857, na Burton alipaeleza kuwa kituo kikuu cha misafara ya kwenda na kutoka bara. Speke alipita tena na James Grant mwaka 1860. Misafara ilipozoea njia ya kaskazini, inayopitia kwa Simbamwene, Zungomero ilipoteza sababu ya kuwepo. Hapakuwa na ngome ya mawe ya kuacha magofu. Nyumba za miti, udongo na nyasi hurudi ardhini baada ya masika machache. Tena vituo vingi vya misafara viliitwa kwa majina ya majumbe. Jumbe akifa au akihama, jina nalo huhama, na ramani ya miaka 20 baadaye haina tena pa kulishika.

Nyaraka, wazee na uso wa ardhi
Kazi huanzia mezani. Vitabu vya Burton, Stanley na msafiri mwenzao wa karne hiyo, Cameron, hutaja mwendo wa saa na siku, mito iliyovukwa na upande ulikoonekana mlima. Msafiri mmoja hukosea. Watatu wakilinganishwa, eneo la kutafutwa hupungua. Kisha zifuate ramani za Paul Sprigade na Max Moisel za mizani ya 1:300,000, zilizochapwa enzi za utawala wa Wajerumani, pamoja na majalada ya enzi hiyo yaliyomo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Jina lililomo katika ramani hizo na kukosekana katika ramani za 1:50,000 za baadaye ni dalili ya kwanza ya hame.

Dalili ya pili imo vinywani mwa watu. Kwa Waluguru, ukoo na haki ya ardhi hufuata upande wa mama, na historia ya ukoo ni historia ya kuhama: nani alitangulia kufyeka bonde lipi, nani alizikwa wapi, tambiko hufanyika chini ya mti gani. Kule Kinole, Uluguru, cheo cha kichifu cha Kingalu kimerithiwa kizazi hadi kizazi pamoja na simulizi zake. Mtafiti anayemuuliza mzee palipofichwa mali hupewa hadithi ya mali. Anayeuliza, "Babu, wajomba zako walizikwa wapi?" hupelekwa kwenye hame. Na si mahame yote ni ya kale. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 iliacha mengine mengi nchini, na waliohamishwa wakiwa vijana leo ndio wazee wenye kumbukumbu.

Dalili ya tatu imo ardhini, kwa anayejua kutazama: miembe iliyosimama kwa mstari pasipo na nyumba, ua wa minyaa uliogeuka kichaka, udongo mweusi wenye majivu, vigae vya vyungu, mafiga, jiwe la kusagia lililolika katikati. Haya yote huonekana bila kuchimba hata kidogo.

Kile ambacho mashine haikisikii
Detekta hutuma uga wa sumaku ardhini na kupokea mwitikio wa vitu vinavyopitisha umeme au vyenye usumaku. Vingine vyote kwake havipo. Burton anaeleza kwamba biashara ya misafara iliendeshwa kwa vitu vitatu: nguo, shanga na nyaya za shaba. Nguo imeoza. Shanga ya kioo haiitikii, na hupatikana kwa kuchekecha udongo. Inabaki waya peke yake. Mtu anayeitafuta Zungomero kwa detekta tu atasikia sehemu moja kati ya tatu za biashara yake, na wala hatawasikia watu walioifanya.

Dakawa, kaskazini mwa mji wa Morogoro, inatoa somo la aina nyingine. Huko Randi Haaland na Cornelia Msuya walichunguza ufinyanzi, kazi ya chuma na biashara ya enzi ya awali ya chuma, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2000. Katika mahame ya wafua chuma, kitu kinachojitokeza sana ni mavi ya chuma, yaani taka za kuyeyusha chuma. Bonge lake ni zito, jeusi, lenye mikunjo kama uji uliomwagika ukaganda, na mara nyingi upande wa chini lina alama za mkaa. Halina bei sokoni. Lakini karibu yake huweza kulala kipande cha bomba la udongo lililopitisha upepo wa mivukuto, na ncha yake iliyoyeyuka humweleza mtaalamu jinsi tanuri lilivyofanya kazi. Mabonge hayo, pamoja na udongo mwekundu wenye oksidi za chuma, huweza kuisumbua detekta kwa milio isiyo na maana kwa mtafuta sarafu. Huyo huyatupa kando na kulivuruga tanuri. Anachokiita takataka ndicho kitabu cha mahali hapo.

Mahali mashine inapofaa
Haifuati kwamba detekta ni haramu kwa mtaalamu. Kule Montana, Marekani, wanaakiolojia waliitumia kuanzia mwaka 1984 katika uwanja wa vita vya Little Bighorn vya mwaka 1876. Kila ganda la risasi lilipimwa mahali lilipolala kabla ya kuinuliwa, na kwa kulinganisha alama zake wakaweza kufuatilia bunduki mojamoja zilivyosogea uwanjani. Ganda lililookotwa bila kipimo lisingesema lolote.

Morogoro ina uwanja unaostahili kazi ya namna hiyo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Waafrika Kusini waliuteka mji wa Morogoro Agosti 26, 1916, na Septemba mapigano yakahamia Kisaki na Dutumi. Vitabu vingi vya vita hivyo vinawahusu majenerali. Wapagazi Waafrika, waliokufa kwa maelfu kwa maradhi na njaa, mara nyingi hawana hata alama za makaburi. Makopo, vifungo na maganda ya risasi, yakichorwa kwenye ramani kwa utaratibu, yanaweza kuonyesha kambi zao zilipokuwa. Anayeviokota ili aviuze anawafuta mara ya pili. Anahatarisha pia maisha yake, kwani si kila kombora la vita lilipasuka.

Wapo watakaotaja Uingereza, ambako kuna sheria ya mwaka 1996 kuhusu hazina zinazookotwa, na mpango ulioanza 1997 wa kuorodhesha vitu vinavyookotwa na raia umeandikisha zaidi ya vitu milioni moja. Ni hoja nzito. Lakini mpango huo unasimama juu ya maofisa wa kupokea na kurekodi waliosambazwa mikoani, na vingi huokotwa katika tabaka la juu ambalo majembe ya trekta yamekwisha kulivuruga. Kuchukua detekta bila maofisa hao ni kuchukua nusu ya mpango, tena nusu inayobomoa.

Sheria na pengo lake
Hapa nchini, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inavilinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na hairuhusu kuchimbua mambo ya kale bila leseni. Mwaka huo wa mpaka unaacha pengo. Masalia ya Kisaki ya 1916 hayalindwi mpaka Waziri ayatangaze, wala havilindwi vitu vilivyotengenezwa katika ngome ya Simbamwene, iliyokuwa bado ikikaliwa, baada ya mpaka huo kupita. Kilicho kichanga kisheria si kichanga kihistoria.

Hitimisho
Mtafiti akibaini hame na kulichapisha pamoja na vipimo vyake kamili, amemchorea mchimbaji ramani. Kwa sababu hiyo kubaini na kulinda viwe kazi moja. Kila serikali ya kijiji iwe na daftari la mahame, likiandikwa na wataalamu pamoja na wazee wa koo. Makala zitaje bonde, vipimo vibaki kwa kijiji na Idara ya Mambo ya Kale. Matumizi ya detekta katika mahame yahitaji kibali kama uchimbaji. Na uwanja wa Kisaki na Dutumi utangazwe kuwa eneo la kihistoria kabla haujamalizwa. Nyaraka zimekwisha kuandikwa na zinaweza kungoja. Wazee hawawezi, kwa hiyo kazi ianzie kwao.