Bigijii Iliyotumika Kuzuia Magonjwa ya Masikio kwa Watoto

Kwa wazazi wengi bigijii ni adui. Inaozesha meno, inaganda kwenye nywele, na ukikamatwa nayo darasani ni kesi. Sasa unaambiwa miaka ya 1990 kule Ufini madaktari waliwapa watoto wa chekechea bigijii wenyewe, tena watafune mara tano kwa siku!

Stori yenyewe ilianzia kwenye meno. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa mji wa Turku waliwaondolea watu sukari ya kawaida wakawapa zailitoli, kitu kitamu kama sukari ambacho bakteria wa meno hawawezi kukila. Meno yakaacha kuoza ovyo. Kufika 1975, bigijii ya zailitoli ilishaingia madukani.

Baadaye madaktari wa watoto wa mji wa Oulu wakajiuliza: kama inawabana bakteria wa mdomoni, vipi wale wanaoleta ugonjwa wa sikio? Maana sikio la kati limeungana na nyuma ya pua kwa mrija mwembamba, na kwa mtoto mrija huo ni mfupi na umelala, hivyo bakteria wanapita kiulaini. Mtoto analia usiku kucha, anapewa antibayotiki, anapona, halafu mwezi ujao yale yale. Na dawa zikitumika sana, bakteria wanazizoea.

Wakachukua watoto 306. Wengine wakapewa bigijii ya zailitoli, wengine ya sukari, bila kujua nani ana ipi. Majibu yalitoka 1996: ndani ya miezi miwili, waliougua sikio upande wa sukari walikuwa asilimia 20.8, upande wa zailitoli asilimia 12.1 tu. Mwaka 1998 wakaja na watoto 857, na safari hii bigijii ikapunguza ugonjwa kwa kama asilimia 40. Wadogo wasioweza kutafuna walipewa sirapu, nayo ikasaidia kiasi.

Sasa mbona haikuenea dunia nzima? Tatizo ni ile mara tano. Mzazi gani ataweza, kila siku, miezi na miezi, tena mtoto akiwa mzima? Walipojaribu kumpa mtoto akishashikwa na mafua tu, haikusaidia. Wakapunguza iwe mara tatu kwa siku, ikagoma. Marekani nao wakajaribu sirapu mara tatu kwa siku, majibu ya 2014 yakawa yale yale: hakuna tofauti.

Yaani kitu kilifanya kazi, ila ratiba yake ndiyo iliyoshinda watu.

Na tuelewane: ile ilikuwa kinga, siyo tiba. Sikio likishauma au kutoa usaha, mpeleke mtoto hospitali. Mtoto mdogo asipewe bigijii, inaweza kumkaba. Na kama nyumbani kuna mbwa, ficha kabisa, zailitoli kwake ni sumu.