Kuanza upya: Njia za kupata ujuzi mpya baada ya kukaa bila kazi kwa muda mrefu

MTU anayetafuta kazi kwa mwaka mzima au zaidi bila kufanikiwa huhesabiwa na watakwimu wa leba kuwa miongoni mwa waliokosa ajira kwa muda mrefu. Nchini Kenya kundi hili si la vijana waliotoka vyuoni pekee. Limo pia la watu wazima waliowahi kuwa na kazi za kudumu, wakalipa karo na kodi ya nyumba kwa mishahara yao, kisha wakapigwa kalamu kiwanda kilipofungwa.

Mifano ni mingi. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper mjini Webuye kilifungwa mwaka wa 2009 na kuacha mji mzima ukiyumba. Kiwanda cha betri cha Eveready mjini Nakuru kilifunga milango mwaka wa 2014. Kampuni ya sukari ya Mumias iliwekwa chini ya mrasimu mwaka wa 2019, na mwaka uliofuata janga la Covid-19 likawafuta kazi wahudumu wengi wa hoteli, hasa Pwani. Kenya haina mfuko wa serikali unaomlipa kila mwezi mtu aliyepoteza kazi, hivyo anayesubiri kazi ya zamani irudi husubiri kwa gharama yake mwenyewe.

Kujifunza kazi nyingine ni mojawapo ya njia za kujinasua. Hata hivyo, wengi hupoteza pesa za mwisho walizo nazo kwa sababu huanzia pasipofaa.

Haki za mfanyakazi anayeachishwa kazi

Safari ya kujifunza upya huanza siku ya kuondoka kazini. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 kinamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe ilani ya angalau mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi, au kwa mfanyakazi mwenyewe ikiwa si mwanachama, na pia kwa afisa wa leba. Mfanyakazi hustahili malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumika. Aliyekuwa akipokea Sh30,000 kwa mwezi na kufanya kazi kwa miaka 12, kwa mfano, hustahili takriban Sh180,000, mbali na siku za likizo ambazo hakuchukua.

Pesa hizi ndizo mtaji wa pekee ambao wengi watauona kwa mkupuo mmoja. Wanaozitumia zote kununua pikipiki au kufungua duka katika biashara wasiyoielewa hujikuta mikono mitupu kabla ya mwaka kwisha. Ni busara kutenga fungu la chakula na karo ya watoto la miezi kadhaa, na fungu jingine la mafunzo, kabla ya kufikiria biashara.

Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 51, inamlazimu mwajiri kumpa anayeondoka cheti cha utumishi kinachoonyesha kazi aliyofanya na muda aliohudumu. Wengi hawakidai, na miaka mitano baadaye, kampuni ikiwa haipo tena, hawana karatasi ya kuthibitisha ujuzi wao. Cheti hicho ndicho ufunguo wa hatua inayofuata.

Kupima ujuzi uliopo

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba kuanza upya ni kuanza kutoka sufuri. Aliyeendesha mitambo ya kiwanda kwa miaka 15 anajua mengi kuhusu mota, pampu na mikanda. Aliyekuwa karani wa stoo anajua kuhesabu bidhaa, kuagiza na kutunza kumbukumbu. Anachokosa mara nyingi ni cheti kinachotambuliwa.

Njia kongwe ya kukipata ni mitihani ya gredi inayosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda (NITA), iliyorithi mwaka wa 2011 majukumu ya iliyokuwa idara ya serikali ya mafunzo ya viwandani. Mitihani hiyo ina ngazi tatu: Gredi ya III ya wanaoanza, Gredi ya II, na Gredi ya I ya mafundi waliobobea. Mtahiniwa hahitaji kuwa amepitia chuo. Fundi wa juakali aliyejifunza uashi, useremala, ushonaji, uchomeleaji au umekanika chini ya mti anaruhusiwa kujisajili, na sehemu kubwa ya mtihani ni ya vitendo.

Njia ya pili ni utambuzi wa ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Sera ya kitaifa kuhusu suala hili ilizinduliwa mwaka wa 2024, chini ya mfumo wa sifa za kitaaluma ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka wa 2014. Mwombaji hukusanya ushahidi: picha za kazi alizofanya, barua za wateja au waajiri, cheti cha utumishi. Kisha huhojiwa na kutazamwa akifanya kazi. Akithibitika kuwa stadi hupewa cheti chenye hadhi sawa na cha aliyesomea chuoni. Akipatikana na pengo huelezwa ni sehemu gani anayopaswa kujifunza, badala ya kurudia kozi nzima. Kwa mtu wa miaka 45 mwenye familia, tofauti kati ya kusoma miezi mitatu na kusoma miaka miwili ni kubwa mno.

Kurudi darasani

Kwa anayetaka kazi mpya kabisa, vyuo vya kiufundi viko katika tabaka mbili. Vyuo vya mafunzo ya ufundi stadi, ambavyo wazee wangali wanaviita "village polytechnic", vilitokana na juhudi za makanisa kupitia baraza la NCCK miaka ya sitini, baada ya ripoti ya mwaka wa 1966 iliyouliza hatima ya watoto waliokosa nafasi ya kuendelea na masomo. Katiba ya 2010 iliviweka chini ya serikali za kaunti. Karo yao huwa nafuu na havidai alama za juu za KCSE.

Tabaka la pili ni vyuo vya kitaifa na taasisi za kiufundi zilizo chini ya serikali kuu. Kozi za diploma, yaani ngazi ya sita, huhitaji gredi ya C- katika KCSE, na za ngazi ya tano huhitaji D. Ngazi za nne na tatu hupokea hata waliopata alama za chini kabisa. Hivyo basi, cheti cha kidato cha nne kilichofichwa sandukuni kwa aibu ya alama mbaya bado kina kazi.

Maombi ya vyuo hivi hupitia shirika la KUCCPS, na waliofanya mtihani miaka mingi iliyopita pia hukubaliwa. Mwaka wa 2018 karo iliwekwa kuwa Sh56,420 kwa mwaka, serikali ikilipa Sh30,000 na mwanafunzi akiruhusiwa kuombea salio mkopo wa HELB. Mfumo wa ufadhili ulibadilishwa mwaka wa 2023 ili msaada ulingane na uwezo wa familia. Kwa hivyo anayetaka kujiunga aulizie ofisi ya chuo kiwango kamili kabla ya kulipa chochote.

Kabla ya kujisajili katika chuo cha kibinafsi, jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba kimesajiliwa na mamlaka ya TVETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2013. La pili ni kuuliza nani atatoa cheti: ni KNEC, NITA, baraza la TVET CDACC, au ni chuo chenyewe? Cheti kilichochapishwa na chuo kisichotambuliwa hakimfai mwajiri wala mwenyewe, hata kikipambwa kwa mhuri wa dhahabu.

Leseni baada ya cheti

Zipo kazi ambazo cheti pekee hakitoshi. Fundi wa umeme anayetaka kuweka nyaya katika nyumba za watu sharti awe na leseni ya mamlaka ya kawi, EPRA, ambayo huanzia daraja la C2 na kupanda hadi C1, B na A1. Mafundi wa sola nao, kwa mujibu wa kanuni za mwaka wa 2012, huwekwa katika madaraja ya T1, T2 na T3 kulingana na ukubwa wa mitambo wanayoruhusiwa kufunga. Anayepika au kuuza chakula lazima apimwe afya na kuwa na cheti kinachofanywa upya kila baada ya miezi sita. Walinzi wa kampuni za kibinafsi husimamiwa kwa sheria ya mwaka wa 2016. Gharama za leseni ziingizwe katika hesabu tangu mwanzo.

Kikwazo cha umri

Katiba inamtambua kijana kuwa mtu wa kati ya miaka 18 na chini ya 35, na miradi mingi ya mafunzo ya bure imefuata mpaka huo au hata kuupunguza. Mradi wa KYEOP ulioanza mwaka wa 2016, uliowapa vijana mafunzo chini ya mafundi wazoefu, ulikuwa wa walio kati ya miaka 18 na 29. Aliyepoteza kazi akiwa na miaka 40 hubaki katikati: amezeeka kwa miradi ya vijana, na bado yuko mbali na umri wa kustaafu wa miaka 60.

Hata hivyo, milango haijafungwa yote. Mitihani ya NITA na utambuzi wa ujuzi havina kikomo cha umri. Hazina ya Wanawake iliyoanzishwa mwaka wa 2007 haiwabagui waliovuka miaka 35, na Hazina ya Hasla iliyozinduliwa Novemba 2022 iko wazi kwa kila aliyetimiza miaka 18, ingawa mikopo yake kwa mtu binafsi huanzia Sh500 tu.

Tahadhari kwa wanaotazama ng'ambo

Mwezi wa Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba kuhusu wafanyakazi wenye ujuzi. Tangu hapo matangazo ya kozi za lugha na uuguzi wa wazee yamezagaa mijini. Mkataba huo haumhakikishii mtu yeyote kazi. Ujuzi unaotambuliwa na Kijerumani cha kutosha huja kwanza, na wakala anayechukua pesa anapaswa kuwa amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Asiyetaka jina lake likaguliwe katika orodha hiyo hafai kukabidhiwa hata shilingi moja, wala pasipoti.

Kwa muhtasari, mpangilio unaookoa pesa na muda ni huu: kudai malipo na cheti cha utumishi, kupimwa ujuzi uliopo, kujifunza pale penye pengo pekee, kupata leseni, kisha kutafuta mtaji. Wengi huanza na mtaji na kumalizia kwa majuto. Waswahili husema elimu haina mwisho. Kwa aliyepoteza kazi akiwa na watoto shuleni, cha muhimu zaidi ni kujua elimu hiyo ianzie wapi.