Sheria iliyokuja na meli

Kimya changu kilikuwa cha mitihani ya katikati ya muhula, mnanielewa.

Jana jioni tukiwa mesi na chapati maharagwe zetu, ukazuka ule mjadala wa kutoa mimba. Kijana mmoja wa darasa letu akasema, kwa sauti ya mtu anayegombea kiti, kwamba Katiba ya 2010 ndiyo iliyotuletea mambo ya kizungu, ila ile sheria ya zamani ilikuwa yetu, ya Kiafrika. Watu wakapiga meza. Mimi nikanyamaza. Sababu nitaisema mwishoni.

Leo asubuhi nikaingia maktaba. Kumbe bwana, hiyo sheria "yetu" ilikuja na meli! Mwaka 1861 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya makosa dhidi ya mwili wa mtu, na anayetoa mimba kinyume cha sheria aliweza kufungwa maisha. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ikaipa Kenya kanuni ya adhabu yenye wazo lile lile, na mpaka leo vifungu vyake vipo: anayemtoa mwanamke mimba, miaka 14, mwanamke mwenyewe, 7, anayetoa dawa au vifaa, 3. Sisemi kwamba wazee wetu hawakuwa na miiko yao. Nasema kifungo cha miaka 14 hakikutoka kwao.

Sasa angalieni hayo maneno "kinyume cha sheria". Kama kuna kinyume, basi kuna wakati si kinyume. Ni lini? Sheria ya 1861 haikusema. Mwaka 1938 daktari wa London, Aleck Bourne, alimtoa mimba msichana wa miaka 14 aliyebakwa na wanajeshi. Hakujificha, alitaka mwenyewe ashtakiwe ili jambo lijulikane. Jaji akawaeleza wazee wa baraza kwamba daktari anayeamini kwa nia njema kuwa mimba itamharibu mama mwili au akili, huyo anaokoa maisha. Bourne akaachiliwa. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ikaufuata mwelekeo huo. Kwa hiyo hata ile ruhusa ya kuokoa maisha ilikuwepo kabla ya uhuru. Waingereza wenyewe walibadilisha yao mwaka 1967. Sisi tukabaki tunalinda nguo ambayo mwenyewe ameshaivua.

Tuje 2010. Mnakumbuka kijani ni ndiyo na nyekundu ni hapana? Viongozi wengi wa makanisa walipinga kwa ajili ya mahakama za kadhi na ibara ya 26, inayosema mimba haitolewi ila mtaalamu wa afya akiona panahitajika matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Tarehe 4 Agosti karibu asilimia 67 wakasema ndiyo. Sasa vifungu vya 1930 na ibara ya 2010 vinakaa nyumba moja, na nesi wa zamu ya usiku ndiye anayebaki kujiuliza ipi itamfunga.

Mwaka 2012 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kumwondolea nesi huyo hofu. Desemba 2013 ikauondoa. Mwaka uliofuata msichana wa miaka 14 alibakwa, akapata mimba, akatolewa kwa njia ya hatari. Figo zikaharibika. Alifariki 2018. Juni 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu walisema kuuondoa mwongozo ule kulikuwa kinyume cha sheria, wakaamuru mamake alipwe shilingi milioni 3.

Miaka 14, na miaka 14. Wa London 1938 alipata daktari asiyeogopa. Wetu alipata kichochoro. Na hakuwa peke yake: utafiti wa 2012 ulikadiria kwamba wanawake karibu 120,000 walitibiwa mwaka huo nchini kwa madhara ya mimba zilizotolewa.

Basi, sababu ya kunyamaza kwangu. Kidato cha tatu deski yetu ilikuwa ya wawili. Baada ya likizo ya Agosti nikaikalia peke yangu. Watu wazima walisema malaria. Sisi wasichana tulijua, na hakuna aliyelitamka.

Siwaombi mkubaliane nami kuhusu mimba. Hata mimi kuna maswali ambayo nayalalia bila jibu. Ila tusidanganyane kwamba tunabishana juu ya mila dhidi ya uzungu. Katazo lilitoka London, ruhusa ikatoka London, lakini wanaozikwa ni wa hapa hapa.

Kesho mesi nitakaa meza ile ile. Safari hii nitaongea.