Kusimamishwa Kazi: Nusu Mshahara au Bila Mshahara?

Bwawa la Patel lilipasuka Solai, kaunti ya Nakuru, usiku wa Mei 9, 2018, likaua watu 48. Miezi miwili baadaye mwenye shamba na wenzake, wakiwemo maafisa wa serikali, walifikishwa katika mahakama ya Naivasha kujibu mashtaka ya kuua bila kukusudia.

Afisa wa umma akifikwa na kesi kama hiyo, raia hudai asimamishwe kazi. Lakini asimamishwe vipi?

Katika kanuni za nidhamu za Tume ya Utumishi wa Umma kuna ngazi mbili. Katika ya kwanza, ambayo walimu huijua sana kwa sababu ya barua za Tume ya Huduma za Walimu (TSC), mtumishi huondolewa kazini huku kwa kawaida akilipwa nusu ya mshahara wa kimsingi. Ya pili ni nzito zaidi: mshahara wa kimsingi hukatwa wote, ikabaki marupurupu ya nyumba. Magazeti na redio huziita zote mbili "kusimamishwa kazi", na msikilizaji wa Njoro au Molo huelewa kwamba mtu amepigwa kalamu. Sivyo. Aliyesimamishwa bado ni mwajiriwa, na hatia yake haijathibitishwa.

Mkanganyiko huu hauko katika Kiswahili pekee. Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003, kifungu cha 62, hutumia jina la Kiingereza la ngazi ile nzito, "suspension", ilhali humpa mshtakiwa nusu mshahara na marupurupu yake yote. Kifungu hicho hungoja mashtaka ya ufisadi yasomwe kortini. Uchunguzi wa polisi peke yake hautoshi kukiamsha. Mashtaka ya kuua bila kukusudia, kama yale ya Solai, hayamo humo kabisa, kwa hiyo uamuzi hurudi kwa mwajiri na kanuni zake. Faili ingali mezani kwa wapelelezi, mwajiri anaweza kumtuma mtumishi likizo ya lazima, na hiyo nayo ni hatua tofauti.

Kwa magavana mambo yalikwenda njia nyingine. Moses Lenolkulal wa Samburu aliposhtakiwa kwa ufisadi mnamo Aprili 2019, mahakama ilimzuia kuingia ofisini kama sharti la dhamana. Alipinga, na Julai mwaka huohuo Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu akaliunga mkono sharti hilo. Lenolkulal alibaki gavana kwa cheo, ila mlango wa ofisi ulifungwa. Kumwita "aliyesimamishwa" kungekuwa kosa. "Aliyezuiwa ofisini" ndilo jina linalomfaa.

Kwa hizo ngazi mbili, "kusimamishwa kwa nusu mshahara" na "kusimamishwa bila mshahara" ni maneno marefu kidogo kwa kichwa cha habari, lakini yanasema kweli. Familia inayolipa karo Nakuru inahitaji kujua ni lipi kati ya hayo limeandikwa katika barua. Inahitaji pia kujua kwamba chini ya kifungu cha 62, kesi ikiondolewa au mshtakiwa akiachiliwa huru, kusimamishwa huko hukoma, na kwamba sheria hiyohiyo inataka kesi iamuliwe ndani ya miezi 24. Mtu kuishi kwa nusu mshahara kupita muda huo, bila hukumu, ni adhabu ambayo hakuna hakimu aliyeitoa.